Mdomo wa Bi Fahima

Wiki iliyopita tulimwacha Faridi juu ya jukwaa la harusi mjini Rumonge, mikrofoni mkononi, jasho likimtiririka chini ya kilemba cha kike, akiwaambia watu mia tatu kwamba shangazi yake anataka kuuawa. Na watu mia tatu wakacheka mpaka viti viwili vya plastiki vikavunjika.

Mama mmoja wa Nyanza-Lac amenipigia simu kunitukana kwa kuwaacha pale siku saba nzima. Kosa nimelikubali, mama. Twende.

Faridi, ambaye kila penye pilau na spika kuanzia Rumonge hadi Bugarama anaitwa Tonton Ndagala, alipaza sauti tena.

"Jamani, sifanyi mchezo! Shangazi yangu wamemukamata! Wanataka kumuua!"

Ukumbi ukalipuka upya. Bibi harusi, Keren, akajifuta machozi kwa ncha ya shela. Baba yake, mzee Leonsi, mfanyabiashara wa mawese, akapiga meza kwa kiganja.

"Ongeza, Tonton! Leta ile ya kuloga!"

Kwa neno lile Faridi akashusha mikrofoni.

Kwa msomaji aliyechelewa kununua gazeti, kisa kizima kiko ndani ya neno hilo. Huku kwetu ziwani hatusemi kuvua, tunasema kuloba. Bi Fahima, shangazi yake Faridi, ameloba tangu msichana, na kwake yeye kila kinachotoka majini kimelobwa, awe samaki, iwe ndoo, iwe kandambili. Miaka miwili iliyopita ugonjwa ukampinda mdomo. Alipona, lakini herufi b haikurudi, na mahali pake ikaingia g. Wanaojua mambo ya midomo wasiniulize kwa nini ile na si nyingine. Tangu hapo mama wa watu akisema "naloba," inatoka "naloga." Majirani walizoea, na hakuna aliyejali.

Mpaka Faridi alipopanda jukwaani na kitenge na kilemba, akaupinda mdomo, akasema kwa sauti ileile: "Mimi naloga tangu utoto! Marehemu gwana wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kuloga! Jana nimeloga kandamgili ya mwalimu!"

Watu walianguka. Mwezi mmoja tu, kichekesho kile kikamtoa kwenye sherehe za uani kikampeleka kwenye harusi za wakubwa.

Sasa mtu asiyejulikana amekata vicheko vya watazamaji, ameacha sauti peke yake, na sauti hiyo inazunguka kwenye simu za wavuvi: Bi Fahima akijitapa kwamba analoga. Na siku tatu zilizopita mvuvi kijana aitwaye Uledi alitoka na mtumbwi asirudi.

Faridi aliweka mikrofoni sakafuni. Mzee Leonsi akamdaka kwenye ngazi.

"Unaenda wapi? Keki haijakatwa bado."

"Shangazi yangu, mzee. Nakuomba."

"Iko muzuri sana, nimecheka. Sasa rudi juu."

"Si mchezo! Nakuapia Mungu!"

Mzee Leonsi akamtazama vizuri. Aliyaona macho mekundu. Aliiona midomo inatetemeka. Akamgeukia mkewe kwa furaha.

"Huyu mutoto ni fundi, we! Angalia vile analia!"

Faridi akajinasua.

"Ukipita kwa ule mulango," mzee akafoka, kicheko kimemkauka, "hautashika tena mikro hapa Rumonge!"

Akapita.

Nje, Sylvestre, rafiki yake na fundi wa spika zake, alikuwa amekwisha washa pikipiki.

"Ngoja nivue hizi nguo," Faridi alisema.

"Nguo gani? Wamenipigia sasa hivi. Wamemufunga kamba, wamemuleta ku mwalo. Panda vile uko!"

Na hivyo ndivyo Tonton Ndagala alivyovuka mji wa Rumonge saa nane mchana, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, kilemba kimepigwa upande na rangi nyekundu mdomoni. Sokoni walimwona. "Tonton! Tonton!" Akina mama wa ndizi walipiga vigelegele. Kwenye kizuizi polisi alicheka, akaiinua kamba bila kuuliza karatasi.

Faridi alikuwa akiwapungia mkono. Hakutaka, ila mkono ulikwisha zoea.

Barabara ya ziwani ikanyooka. Michikichi kulia, maji kushoto, na Sylvestre akikwepa mashimo kama mwendawazimu. Faridi alilia waziwazi, na upepo ukampaka ile rangi mpaka masikioni.

Aliona aibu, nami sitamfichia. Bi Fahima ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kila Jumamosi asubuhi humpa kikombe cha tangawizi na asali, akimwambia, "Kunywa, gwana mdogo, sauti yako isikauke." Anaamini mtoto wa kaka yake hualikwa harusini kusema maneno mazuri. Hana simu ya picha, wala hajawahi kukiona kile kichekesho. Faridi aliwaambia majirani kwamba atakayemwonyesha, yeye na huyo hawataelewana.

Basi koo lile la tangawizi ndilo lililomtia shangazi kamba.

Walifika mwaloni, pwani ndogo ya mchanga kabla hujafika Magara, mahali wanapoanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Watu walikuwa kama mia. Faridi akaruka kabla pikipiki haijasimama.

Watu waligeuka. Wakamwona. Na wale watu waliokuja na marungu, Mungu anajua, wakaanza kucheka.

"Tonton amekuja!"

"Leo Bi Fahima wako wawili!"

Akawapasua katikati kwa mabega. Ndipo akamwona.

Bi Fahima alikuwa amekaa mchangani, mikono imefungwa kwa kamba ya wavu. Mdomoni walimfunga kitambaa, kwa kuwa waliogopa maneno ya mlozi. Nguo zake zilikuwa na tope lililokaukia mpaka kiunoni, nazo zilikuwa kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Faridi ndiye aliyemnunulia siku ya Idi. Kipande kilichobaki alikipeleka kwa fundi cherehani, akashonewa vazi la jukwaani.

Bi Fahima akamtazama. Akaanzia kwenye kilemba, akashuka kwenye mdomo uliopakwa rangi, akafika kwenye ndege weupe, akasimama hapo.

Faridi akayahamisha macho. Mbele yake alisimama Shefu Anastasie, mkuu wa kolini ile, yaani kitongoji kile, mwanamke mrefu mwenye daftari kwapani. Kando yake kulikuwa na Athumani, kaka yake Uledi aliyepotea, rungu mkononi, macho hayajalala siku tatu.

"Shefu, mumufungue! Ile sauti ya mu simu si yake. Ni yangu!"

Kicheko.

"Hapa si ku harusi, Tonton," Athumani alisema. "Ndugu yangu amekufa mu maji."

"Ni mimi nilisema ile maneno! Ni kazi yangu!"

"Unataka kumuokoa shangazi yako. Hata mimi ningedanganya."

Shefu Anastasie akainua mkono. "Amahoro, amahoro. Kelele mutapiga kisha." Akatoa simu yake, akaishika juu. "Tonton, kama sauti iko yako, ifanye hapa tuisikie. Ikifanana, mama anaenda kwake. Isipofanana, mimi sina nguvu ya kuzuia hawa watu wote. Urumva?"

Faridi alielewa. Hapo palikuwa na kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa. Kile kichekesho alikifanya mara mbili kila wikendi, hata usingizini angekifanya.

Akafungua kinywa. Ikatoka sauti yake mwenyewe, nyembamba, imekwaruza.

"Mimi... mimi na..."

"Munaona!" Athumani akapiga rungu chini.

"Ngoja!"

"Hawezi! Anadanganya!"

"Ngoja, nawaomba!"

Hawezi, wasomaji, kwa sababu Bi Fahima alikuwa akimtazama. Mbele ya mia tatu aliweza. Mbele ya huyu mmoja, mdomo ulikataa kupinda. Watu wa nyuma wakaanza kusogea mbele, na mtu mmoja akaokota jiwe.

Faridi akafumba macho.

Akaupinda mdomo upande wa kushoto, kama ulivyopinda ule wa shangazi. Akaweka mkono kiunoni.

"Mimi naloga tangu utoto!" Sauti ikatoka, nzima, ya mama wa miaka sitini na mitano. "Marehemu gwana wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kuloga! Mwulizeni! Loo, yuko kagurini, hawezi kujigu!"

Mtu akakohoa kwa kicheko. Mwingine akashindwa kujizuia.

"Jana nimeloga kandamgili ya mwalimu! Ya kushoto! Leo narudi kuloga ya kulia!"

Sasa mwalo mzima ukawa unacheka. Na Faridi akawasikia. Hapa nasema kitu ambacho yeye mwenyewe angependa nisikiseme: alipowasikia, mwili wake ulipata nguvu. Akaongeza. Akatembea kama anavyotembea Bi Fahima, goti la kulia likiburuta. Akaweka hata kile ambacho hakuwahi kukipeleka jukwaani, kitu cha ndani ya nyumba yao.

"Kunywa, gwana mdogo! Kunywa tangawizi, sauti yako isikauke!"

Wanaume wazima walishikana mabega. Jiwe likaanguka mchangani.

Faridi akafumbua macho. Machozi ya Bi Fahima yalikuwa yakishuka taratibu, yakiishia ndani ya kile kitambaa.

Shefu Anastasie akabonyeza simu. Sauti ileile ikatoka, pumzi kwa pumzi. Akairudisha mara mbili, akafunga daftari.

"Ni yake. Sauti iko ya Tonton. Mufungueni mama wa watu."

Faridi akapiga magoti. Akakifungua kile kitambaa kwanza. Bi Fahima akameza mate. Akasema polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Gwana mdogo. Hii ndiyo kazi yako?"

Watu wakaangua kicheko kipya, maana ilitoka vilevile kabisa, utadhani ni sehemu ya pili ya mchezo. Wengine walipiga makofi. Faridi aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa magoti ya shangazi. Angeweza kufa pale na asidai kitu.

"Nisamehe, shangazi."

Bi Fahima akageuza uso ziwani.

Yangekwisha hapo, nami ningewatakia Jumamosi njema. Lakini Athumani hakuwa amecheka hata mara moja.

"Sawa," alisema. "Sauti ya mu simu iko ya Tonton. Nakubali. Na ile ya leo asubuhi?"

Kicheko kikakatika kwa waliokuwa mbele, kisha nyuma.

"Asubuhi ipi?" Shefu aliuliza.

"Huyu bibi alikuja ku mulango yangu leo, jua haijatoka vizuri. Peke yake. Hapakuwa simu, hapakuwa Tonton. Amelowa maji mupaka kiuno. Akaniambia neno moja na mudomo wake. Ni mimi nilimufunga kile kitambaa, asiseme tena." Akamwelekeza rungu. "Bibi, shefu iko hapa. Rudia kile uliniambia."

Bi Fahima akainua uso. Hakuonyesha woga. Kusema kweli, alionekana kama mtu aliyengoja siku nzima aulizwe hilo.

"Nilikuamgia nimemloga Uledi," alisema. "Nimemloga alfajiri, kwenye matete. Yuko kwangu. Anatetemeka na garidi, njooni mumchukue."

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Watu wakarudi nyuma kama maji yanavyorudi. Hata Shefu Anastasie akapiga hatua moja, daftari kifuani.

Na Faridi, hapo alipopiga magoti, akainua kichwa. Watu mia waliyasikia maneno yale. Yeye peke yake ndiye aliyeyaelewa.

Akaruka juu.

"Uledi iko hai!" Akamshika Athumani mashati. "Amemuloba! Athumani, urumva? Ameloba! Amemutoa mu maji! Iko hai, iko kwake, amelala!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anarukaruka, kilemba kimeanguka begani, rangi masikioni. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia.

"Tonton hachoki, we!"

Kikaanza tena. Safari hii kilikuwa kicheko cha woga, chembamba, lakini kilikuwa kicheko.

"Si loga! Ni loba! Hawezi kusema b! Weye Athumani, weye unamujua miaka yote, alikuwa anasema hivi hivi, na mulikuwa munaelewa!"

Athumani akamtoa mikono taratibu.

"Ndiyo," alisema. "Zamani tulikuwa tunaelewa. Kisha ukakuja weye. Miezi sita unatufundisha kusikia loga, tunasikia loga, tunacheka. Leo unataka tusikie ingine?"

Faridi akaifuta rangi mdomoni kwa kiganja.

"Basi twende tukaangalie!" alisema. "Nyumba iko pale tu! Kama Uledi haiko, mutupige wote wawili!"

"Nyumba ya nani?" Uso wa Athumani haukubadilika. "Hakuna mutu anaingia mu nyumba ya mulozi. Wale vijana, Jafari na wenzake, wamekwenda kitambo na bidoni ya essence na kiberiti."

Faridi akageuka.

Nyuma ya michikichi, mahali kilipo kibanda cha matete cha Bi Fahima, moshi mweusi ulikuwa ukipanda.

Akakimbia.

Kitenge kikamkaba magoti, akaanguka kifudifudi kwenye ndagala zilizoanikwa. Kelele za kicheko. Akainuka na samaki usoni, akaanguka tena. Kuna waliopiga makofi, nawaapia. Akakishika kile kitenge cha Idi kwa mikono miwili, akakipasua, akakitupa, akaendelea na kaptura.

"Uledi! Uledi, toka!"

Jafari na wenzake watatu walikuwa wamesimama kando, bidoni tupu miguuni. Walipomwona Tonton Ndagala anakuja mbio na kaptura, magamba ya samaki kwenye nyusi, wakacheka nao. Hawakunyoosha hata mkono. Walidhani atasimama mlangoni, kama anavyosimama siku zote ukingoni mwa jukwaa anapojifanya anataka kuruka.

Hakusimama. Moshi ukamfunika.

Watu wa mwaloni wakafika wakihema, Shefu mbele. Baadhi yao walikuwa wamechota maji kwa ndoo za samaki, maana Tonton ni Tonton, hakuna aliyetaka afe. Athumani alikuja wa mwisho, akiburuta rungu. Ukuta wa upande wa ziwa ukaanza kuinama.

"Tonton!" Shefu aliita. "Toka sasa! Mchezo umekwisha!"

Kutoka ndani akasikika mtu akikohoa. Kisha mwingine, kikohozi kizito zaidi. Athumani akaacha kutembea.

"Hao ni wawili," alisema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemsikia.

Kwa sababu wakati uleule Bi Fahima alifika. Mikono hakuna aliyekumbuka kumfungua. Alikuja akiburuta lile goti la kulia, akaanguka, akatambaa, akainua uso kuelekea watu wenye ndoo, na akapiga kelele kwa nguvu zake zote, neno la maisha yake yote, neno la mtoto wa mvuvi anayeona mtu anazama.

"Mlogeni! Jamani, mlogeni! Mlogeni gwana mdogo! Walogeni wote wawili!"

Ndoo ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Akina mama wakawaziba watoto masikio. Watu wakarudi nyuma, wakarudi tena, wakaacha mahali peupe kati yao na moto.

"Walogeni!" Bi Fahima alilia. "Walogeni upesi!"

Kwenye mwalo ule palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuwaambia anachosema. Na paa lilianza kushuka juu yake.